Nani Aliandika "Chapter"? TeX, Linux na Wafungashaji Wasiotajwa

Nilipompelekea msimamizi wangu rasimu ya kwanza ya tasnifu, alifungua ukurasa wa sura ya kwanza akalizungushia neno moja duara kwa kalamu nyekundu. Akafungua sura ya pili, duara jingine. Tasnifu ilikuwa ya Kiswahili mwanzo hadi mwisho, nayo ilihusu Kiswahili cha wachuuzi wanaovuka kila siku kati ya Rubavu na Goma. Hata hivyo kila sura ilitanguliwa na neno "Chapter", orodha ya yaliyomo ilikuwa na kichwa cha Kiingereza, na mwezi kwenye jalada ulikuwa "March". Nikajitetea: "Mwalimu, maneno hayo sikuyaandika mimi." Naye bila kuinua macho akauliza, "Basi ameyaandika nani?"

Siku ile nilicheka tu. Lakini swali lilinifuata hadi nyumbani, na kadiri nilivyolifikiria ndivyo nilivyoona kwamba ni swali la historia kama maswali mengine tunayofundishwa kuuliza: hati hii imetoka wapi, imepitia mikono ya nani, na kila mkono umeacha alama gani? Tasnifu yangu nilikuwa nimeipanga kwa LaTeX, kwenye kompyuta yenye Ubuntu. Mikono iliyopita hapo ni mingi kuliko nilivyodhani, na mingi kati yake haitajwi popote.

Mkono wa kwanza unajulikana. Donald Knuth, mwalimu wa hisabati na kompyuta katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alikuwa akiandika mfululizo wa vitabu uitwao The Art of Computer Programming. Toleo la kwanza la juzuu zake lilipangwa kwa herufi za risasi, kwa mashine za Monotype. Mwaka 1977 aliletewa kurasa za kusahihisha za toleo jipya la juzuu ya pili, zilizopangwa kwa mtambo mpya wa picha, nazo zikamchukiza kwa jinsi zilivyokuwa mbaya. Akaamua kuandika mwenyewe programu ya kupanga chapa. Alifikiri ingemchukua muda mfupi. Ilimla takriban miaka kumi. Programu hiyo ndiyo TeX, na aliitoa bure. Namba za matoleo yake husogea polepole kuikaribia pai: toleo la mwaka 2021 ni 3.141592653.

TeX yenyewe haina sura wala jedwali. Inajua herufi, mistari, nafasi na kurasa. Aliyeongeza sura, orodha ya yaliyomo na mambo mengine tunayoyatumia katika tasnifu ni Leslie Lamport, aliyeunda LaTeX katika miaka ya 1980. Kitabu chake cha maelekezo kilitoka mwaka 1986. Hapo ndipo neno la duara jekundu lilipoingia. Katika LaTeX ya mwanzo "Chapter" lilikuwa limeshonewa ndani ya programu, kana kwamba kila kitabu duniani kina "Chapter". Sidhani Lamport alikuwa na nia mbaya. Alijiandikia yeye na wenzake. Jibu la haraka kwa Mwalimu lingekuwa hilo: ameliandika Lamport.

Jibu hilo halikuniridhisha. Kati ya Lamport na kompyuta yangu ipo miaka arobaini, na katika miaka hiyo Wajerumani, Waholanzi, Wafaransa na Wapolandi waliliondoa neno hilo katika vitabu vyao. Kwa nini kwangu lilibaki?

Anayetaka kuelewa hili ni vizuri asimame asubuhi kwenye mpaka mdogo, huku kwetu wanakouita Petite Barrière. Gunia la vitunguu halivuki kama lilivyotoka shambani. Kuna mtu analifungua, anatoa vilivyooza, anapanga mafungu, anaamua fungu liwe na vitunguu vingapi. Mnunuzi wa Goma hamjui mkulima. Anachokijua ni fungu, na fungu lina mkono wa aliyelifunga. TeX nayo husafiri hivyo. Si programu moja, ni maelfu ya mafaili: programu zenyewe, fonti, mitindo ya vitabu, kanuni za kukata maneno, maelezo. Yameandikwa na mamia ya watu ambao wengi wao hawajawahi kuonana. Mtu akitaka kuyaingiza katika mfumo kama Debian au Ubuntu, lazima aamue kila faili likae wapi, kipi kinamtegemea nani, kipi kitangulie kusakinishwa, na kama mwandishi wake ameruhusu kweli kisambazwe. Kazi hiyo ndiyo kufungasha, na vinavyotoka ndivyo vifurushi.

Debian ilianzishwa na Ian Murdock tarehe 16 Agosti 1993. Mwaka uliofuata Mjerumani Thomas Esser akaanza kukusanya TeX ya kutumika kwenye mifumo ya jamii ya Unix, akaiita teTeX. Kwa zaidi ya miaka kumi, aliyesema "nina TeX kwenye Linux" alikuwa, kwa sehemu kubwa, akisema "nina mkusanyo wa Esser". Mwezi Mei 2006 Esser alitangaza kwamba hatatoa tena toleo jipya. Hakukuwa na ugomvi. Kazi ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Nasoma habari hiyo kama ninavyosoma habari za ufalme uliokosa mrithi: vyuo vikuu, maktaba na wachapishaji wa nchi nyingi walikuwa wameegemea jioni za mtu mmoja bila kumjua.

Bahati nzuri mrithi alikuwepo. Tangu mwaka 1996 vyama vya watumiaji wa TeX vilikuwa vikitoa kila mwaka diski yenye mkusanyo wao, TeX Live, na kiongozi wake wa mwanzo alikuwa Sebastian Rahtz wa Uingereza. Kuiingiza TeX Live katika Debian ilikuwa kazi ya Norbert Preining, mwanahisabati kutoka Austria, akisaidiana na wachache, akiwemo Frank Küster ambaye awali alikuwa akiitunza teTeX. Debian 4.0 ya Aprili 2007 ilitoka na mikusanyo yote miwili, ya zamani na mpya, kwa pamoja. Katika toleo lililofuata, la Februari 2009, TeX Live ilibaki peke yake. Ubuntu huchukua vifurushi vyake vingi kutoka Debian, kwa hiyo kilichoamuliwa pale kilinifikia mimi bila mtu yeyote kunishauri.

Kabla ya hapo kulikuwa na mgogoro ambao kwa maoni yangu ungestahili kufundishwa. Mwaka 2002 watu wa Debian walianza kuichunguza leseni ya LaTeX, ijulikanayo kama LPPL. Leseni hiyo ilisema: ukibadilisha faili, libadilishe na jina. Waandishi wa LaTeX, Frank Mittelbach akiwa mbele, walikuwa na sababu nzito. Hati iliyopangwa leo Kigali ni lazima itoke vilevile Dar es Salaam au Berlin, na haiwezekani kama kila mtu ana faili lake lililobadilishwa lakini lenye jina lile lile. Watu wa Debian nao walikuwa na sababu nzito. Programu huria ni ile unayoweza kuirekebisha bila kuzuiwa, na kulazimishwa kubadili jina la faili ambalo maelfu ya mafaili mengine yanaliita kwa jina ni kuzuiwa kwa mlango wa nyuma. Walibishana kwa muda mrefu, mara nyingine kwa ukali. Mwishowe leseni iliandikwa upya na toleo la 1.3 likatoka Desemba 2003: unaweza kubadilisha, ila ni lazima ionekane wazi kwamba umebadilisha.

Mimi ninayesoma historia nilishangaa kuona jinsi hoja hizi zinavyofanana na mabishano ya Kiswahili Sanifu. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa usanifu, na Kamati ya Lugha ya maeneo ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Upande mmoja ulitaka kitabu kisomeke vilevile kote. Upande mwingine uliuliza ni nani aliyempa mtu mamlaka ya kuzuia wengine wasiseme walivyozoea. Tofauti ni kwamba katika ugomvi wa LPPL pande zote mbili zilikuwa mezani. Katika ule wa Kiswahili wenye lugha hawakuwa wengi mezani.

Sasa nifike kwenye kifurushi chenyewe. Debian iligawa TeX Live katika mafungu, na mengine yalipewa majina ya lugha: fungu la Kijerumani, la Kifaransa, la Kijapani. Kwa miaka kadhaa kulikuwa na moja lililoitwa texlive-lang-african. Nilipoliona jina hilo kwa mara ya kwanza moyo uliruka. Nilidhani nimeshapata dawa ya "Chapter".

Ndani yake kulikuwa hasa na vitu viwili. Cha kwanza ni zana za kuandika Kiamhari na lugha nyingine zinazotumia hati ya Ethiopia. Cha pili ni fonti zilizoundwa na Jörg Knappen wa Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1990, zenye herufi za lugha za Afrika ambazo alfabeti ya Kilatini ya kawaida haina: ɓ na ɗ za Kihausa, ɛ na ɔ za Kiewe, na nyingine za aina hiyo. Ni kazi nzuri, na Knappen aliifanya wakati ambapo wauzaji wa programu hawakuona soko huko. Lakini Kiswahili hakikuwemo, wala Kinyarwanda. Baadaye fungu hilo lilivunjwa, na vilivyomo vikahamishiwa katika fungu jingine, texlive-lang-other, la lugha "nyingine". Nadhani sababu ni ya kawaida kabisa: mafungu yanagawanywa kwa kufuata ukubwa wa vilivyomo, yasizidi idadi. Hata mimi ningefanya hivyo. Fungu dogo haliuziki peke yake.

Kwa nini Kiswahili hakikuwemo? Hapa ndipo nilipopata jambo ambalo naliona ndilo jibu. Kiswahili hakikuwemo kwa sababu hakikuonekana kuhitaji kitu. Tangu Askofu Edward Steere alipokuwa na mtambo wa kuchapa wa misheni ya UMCA kule Unguja, ambako vijana waliokombolewa utumwani walifundishwa kupanga herufi, Kiswahili cha hati ya Kilatini kimepangwa kwa kasha la herufi la mpiga chapa wa Kiingereza bila kuongeza hata herufi moja. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wataalamu wa lugha za Afrika walipopendekeza herufi ŋ, Kiswahili kilibaki na ng' na alama yake ya juu. Uamuzi huo ulikuwa wa akili: kitabu cha Kiswahili kilichapwa popote, kwa gharama ya kawaida. Kinyarwanda pia huandikwa bila alama za toni na hakikuhitaji herufi mpya. Lakini ulipofika wakati wa kompyuta, lugha zilizokuwa na shida ya herufi zilipata mtu wa kuzishughulikia. Zetu, ambazo herufi zake zote zipo tayari kwenye kibodi, hazikumsumbua yeyote. Kumbe lugha si herufi tu. Ni "Sura", ni "Yaliyomo", ni majina ya miezi, ni mahali pa kulikata neno mstari unapojaa.

Njia ya kuliondoa "Chapter" ilikuwepo. Mholanzi Johannes Braams aliunda Babel, mfumo ambamo kila lugha huwa na faili lake lenye maneno yake ya sura, orodha, jedwali na tarehe. Faili la kila lugha liliandikwa na mtu wa kujitolea mwenye lugha hiyo. Wenye lugha zao walijitokeza. Sisi hatukujitokeza, na hapa siwezi kumlaumu mfungashaji wa Austria: hawezi kufunga vitunguu ambavyo hakuna aliyevilima. Kiswahili na Kinyarwanda vimeingia katika Babel katika miaka ya karibuni kwa mlango mwingine, kwa data za miezi na siku zinazokusanywa kwa ajili ya lugha nyingi za dunia kwa pamoja. Ndiyo sababu leo unaweza kupata "Machi" kwa urahisi.

Si kwamba Waswahili hawakufanya lolote. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washirika kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Ule ulikuwa ushahidi kwamba inawezekana. Ila nguvu zilikwenda kwenye programu ya barua na mahesabu, si kwenye upangaji wa vitabu.

Suala la kufika kwa vifurushi huku kwetu nalipita haraka, ingawa lina insha yake. Kuanzia mwishoni mwa 2004 Ubuntu ilikuwa ikituma diski za bure kwa posta popote duniani, hadi mwaka 2011. Diski iliingia mkononi, lakini TeX haikuwemo. Ilibidi uipakue kwa mtandao. Mkongo wa kwanza mkubwa wa pwani yetu, SEACOM, ulifika Julai 2009, na Rwanda iko mbali na bahari. Waliolitatua vizuri zaidi, kwa ninavyojua, ni AIMS, taasisi ya hisabati iliyoanzia Cape Town mwaka 2003 na kufungua kituo Kigali mwaka 2016. Walitengeneza mfumo wao, AIMS Desktop, ambao kuanzia 2017 ulijengwa juu ya Debian, mtunzaji wake akiwa Jonathan Carter, ambaye baadaye alikuja kuwa kiongozi wa mradi mzima wa Debian. TeX ilikuwemo ndani tayari, pamoja na programu za hisabati. Mwanafunzi aliwasha kompyuta, akaanza kuandika.

Mimi sikuwa na bahati hiyo. Nilijaribu kusakinisha mkusanyo wote, bando likaisha kabla ya nusu. Mara ya pili likaisha tena. Mwishowe rafiki anayesoma Kigali alikusanya vifurushi vyote kutoka kwenye kompyuta yake, akavimwaga kwenye fleshi, na fleshi ikaja kwa basi, ndani ya soksi. Nikavisakinisha kimoja kimoja, nikikosea mpangilio, kompyuta ikinilalamikia kwamba hiki kinahitaji kile. Usiku ule nilijifunza kuhusu utegemezi wa vifurushi kuliko nilivyojifunza katika kozi yoyote. Tena niligundua kwamba katika mlolongo wote huu, kutoka Stanford hadi kituo cha basi cha Gisenyi, wafungashaji wa mwisho tulikuwa mimi na yeye.

Basi nikaamua kulifungasha lililobaki. Kuliondoa "Chapter" ni mstari mmoja tu, lakini shida ya pili ilikuwa ya sarufi. LaTeX huchukua neno, huacha nafasi, halafu huweka namba: kwa Kiingereza inatosha. Sisi tunasema Sura ya Kwanza, Mchoro wa 2, Jedwali la 3. Kiunganishi kinafuata ngeli ya nomino, na sura zinapenda kuhesabiwa kwa maneno. Ilinibidi niandike orodha: Kwanza, Pili, Tatu, hadi Kumi, nikitumaini kwamba hakuna mwenzangu atakayeandika tasnifu ya sura kumi na moja.

Shida ya tatu ni kukata maneno. TeX hukata kwa njia iliyoelezwa na Franklin Liang katika tasnifu yake ya Stanford mwaka 1983. Kwa Kiingereza ina vipande 4447 vya kanuni. Tena kwa Kiingereza hairuhusu kuacha herufi chini ya tatu baada ya kistari. Kwa hiyo neno haliwezi kamwe kukatwa kabla ya silabi zetu za mwisho zenye herufi mbili, kama "-tu", "-ma" au "-ni", ambazo ndizo zinazomalizia sehemu kubwa ya maneno yetu. Matokeo yake ni mistari yenye mapengo kama meno ya mtoto wa miaka saba. Kanuni yetu ni nyepesi zaidi: silabi nyingi huishia kwa irabu, ukikata baada ya irabu umeshinda maneno mengi. Vipande vichache vinatosha.

Isipokuwa maneno ya mkopo. Faili letu sasa linatumiwa na wanafunzi sita wa darasa langu, na limekwama kwenye neno "maktaba". Dada mmoja wa mwaka wa tatu anakata mak-taba, kwa kuwa kt haianzi neno lolote la Kiswahili. Kaka mwingine anasisitiza ma-ktaba, kwamba silabi ya Kiswahili haifungwi. Tumepeleka shauri kwa Mwalimu, pamoja na "labda" na "daktari". Amesema tumwachie wiki moja. Kuhusu mstari wa juu wa faili, ambapo leseni ya LPPL inataka jina la mwandishi, tumeandika majina yote saba, na la rafiki wa Kigali likiwa la kwanza.